Rubisi ya Kutosha

Harusi ikiwa Jumamosi, ndizi zinatakiwa ziwe shimoni Jumapili inayotangulia. Hapo ndipo hesabu inapofungwa. Mwenye shughuli huenda bado anakimbizana na michango, kadi hazijaisha kugawiwa, na shangazi wa Muyinga, ng'ambo ya mpaka, hajasema kama atakuja na watu watano au na gari zima. Ndizi hazimngoji. Anayeziingiza shimoni lazima awe ameshaamua pombe kiasi gani itanywewa siku sita baadaye, na wanywaji wengine wenyewe hawajajua kuwa watakuja.

Huku Mabawe, wilayani Ngara, uamuzi huo una wenyewe. Namzungumzia hasa mzee mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba umaarufu na sidhani angejua aufanyie nini. Watu humwendea wakiwa na harusi, komunyo ya kwanza ya mtoto au shughuli ya kumaliza matanga. Kukamua rubisi anajua, ndiyo, lakini wakamuaji wako wengi. Yeye hufuatwa kwa kukadiria. Akisema madumu 15, watu hukodi madumu 15. Shughuli ikiisha hubaki dumu moja, au hakibaki kitu, na hakuna mgeni aliyeondoka akinung'unika njiani.

Kwa msomaji wa pwani niseme kidogo. Rubisi ni pombe ya ndizi, ndugu wa damu wa urwagwa ya Rwanda na urwarwa ya Burundi, na binamu wa mbege ya Uchagani, ambayo huchachushwa kwa ulezi pale sisi tunapotia mtama. Siku ya kwanza ni tamu. Siku ya pili imekolea. Ya tatu ni kali, na baada ya hapo inaelekea kwenye siki. Kwa hiyo anayekadiria ana adui mbele na nyuma: ikipungua ni aibu ya ukoo, ikizidi ni ndizi za msimu zilizomwagwa. Mgema wa mnazi ana shida ya namna hiyo hiyo, maana tembo la asubuhi jioni si lile tena, lakini mgema hupanda mnazi kila siku na kesho anaweza kuongeza. Kwenye harusi hakuna kesho.

Mjini kazi hii imerahisishwa mpaka imekuwa ya mwenye kalkuleta. Kamati ya harusi ya Dar es Salaam au Mwanza ina mtu wa vinywaji. Anajua kadi ngapi ni single na ngapi ni double, anazidisha kwa chupa walizokubaliana kikaoni, kisha anachukua kreti kwa wakala kwa makubaliano kwamba zisizofunguliwa zitarudi. Akizidisha kreti tano, anazirudisha Jumatatu. Akipunguza tano, anapiga simu na pikapu inafika kabla MC hajamaliza kutambulisha meza kuu. Waandaaji wa sherehe wa Ulaya na Marekani nao wana kanuni yao: kila mnywaji vinywaji viwili saa ya kwanza, kisha kimoja kwa kila saa inayofuata. Ni kanuni nzuri. Inakutaka ujue vitu viwili tu, nani atakuja na sherehe itaisha saa ngapi. Shughuli ya kijijini haikuambii hata kimoja.

Nilikuwepo baba mmoja alipokuja kuagiza pombe ya harusi ya mwanawe. Akaamkia, akaitikiwa, akapewa kigoda. Wakaongea mvua, wakaongea bei ya kahawa, mzee akiwa hana haraka yoyote. Kisha baba akasema, "Mzee wangu, tuna wageni 200."

"Hao ni wa kadi," mzee akasema. "Sasa niambie watakaokuja."

Akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa ya idadi. Binti anatoka wapi? Rulenge. Wakwe watakuja na gari la kukodi, au kila mtu na pikipiki yake? Gari la kukodi. Basi wataondoka pamoja, na mapema, kwa kuwa dereva ana safari ya kurudi. Hao ni wanywaji wa alasiri, si wa usiku kucha. Misa saa ngapi? Padri ana vigango vingapi siku hiyo? Padri akichelewa watu hufika wakiwa na kiu na njaa, na mtu mwenye njaa hunywa vibaya, kwa hiyo akasema chakula kitangulie pombe, na kwamba hilo mama mwenye jiko aambiwe leo, si Ijumaa. Jirani kuna shughuli nyingine Jumamosi hiyo? Kuna ubatizo, baba akasema, kijiji cha pili. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza nani anawakamulia. Alipotajiwa, akatabasamu.

"Wa kule watamaliza saa kumi. Watakuja kwako."

Akaongeza watu 30 ambao hakuna aliyewaalika.

Hakuandika popote. Alikuwa anapita kijiji kichwani, kaya kwa kaya, kutoka kisimani kupanda mpaka kanisani, na kila kaya aliipa uzito wake. Huyu ameacha pombe tangu augue. Yule amerudi kutoka machimboni ana hela, kwa hiyo atakuja na marafiki. Wale ni walokole. Ngara ni nchi ya Wakatoliki na Waanglikana, na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 uliacha familia nyingi zisizogusa kilevi. Fundi asiyewahesabu walokole atakamua kupita kiasi, na asiyewawekea chao atakuwa amewadharau. Dawa yake ni rahisi nami naiona nzuri sana: fungu lao huchotwa mapema, juisi ingali tamu, kabla mtama haujaingia. Watoto hunywa humo humo. Wazee wa zamani wa ng'ambo zote mbili za mpaka huiita umutobe, na mlokole aliyepewa umutobe baridi ndani ya kibuyu kizuri hakai pembeni kama mgonjwa. Anakaa na wenzake.

Kwa wanywaji pia anatenganisha. Wazee wa kibuyu na mirija hunywa polepole, lakini hawaondoki. Vijana hunywa haraka, huenda kucheza muziki, kisha hurudi na wenzao. Akina mama wa jikoni hunywa mwisho, wakiwa wamechoka na moshi, na ole wake atakayewaambia imeisha. Wale wakwe wa gari la kukodi hawanywi nyingi, ila lazima waone nyingi. Chombo kilicho mbele yao kisionekane chini. Pombe yao sehemu ni ya kunywa na sehemu ni ya kutazamwa, na hiyo ya kutazamwa hunywewa na wengine wakishaondoka, kwa hiyo isihesabiwe mara mbili.

Mwisho akafika kwenye watu 300, nusu yao wanywaji. Kwa kila mnywaji lita mbili. Baba akashtuka akasema mbona yeye mwenyewe hawezi lita mbili. Mzee akamjibu kwamba nusu lita yako inamwachia mwenzako tatu na nusu, na mwenzako yupo, utamwona. Lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20.

Mpaka hapo mtu mwerevu wa mjini angeweza kufika, akipewa muda na majirani wa kumsaidia. Kuanzia hapa hesabu inaingia kwenye ndizi, na ndizi hazina lebo.

Lita 300 za rubisi si lita 300 za juisi. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya maji kwa tatu za juisi, kwa hiyo inatakiwa juisi lita 225 na maji 75. Mtama huwekwa kama sehemu moja kwa kumi na mbili za juisi kwa uzito, yaani kilo 18 au 19. Debe moja lililojaa vizuri linatosha. Mkungu wa kilo 20, ukishatoa shina lake, maganda na makapi, hutoa juisi kama lita saba ukibahatika. Kwa hiyo mikungu 30 na ushee. Mzee hakufika kwenye mikungu kwa njia hiyo. Alikwenda shambani kwa baba, akatembea kati ya migomba mikono ikiwa nyuma, akawa anataja: huu, huu, huu hapana.

Ule "hapana" ndio niliotaka kuuelewa. Mkungu ulikuwa mkubwa kuliko mingine. Akaniita karibu, akaweka kidole gumba kwenye ndizi moja ya chane ya chini na kukipitisha taratibu ubavuni. Kona bado zilikuwa kali. Ndizi iliyokomaa huwa imejaa mpaka kona zinapotea, inakuwa ya duara. Yenye kona itaiva rangi tu. Ganda litakuwa njano na ndani hakuna sukari ya kutosha, na pombe isiyo na sukari ni maji yaliyokasirika. Akaenda kwenye mkungu mdogo wa jirani, mnene, usiovutia macho, akaupiga kwa kucha na kusema huu unajua kazi. Mikungu mikubwa mitano aliiacha, akachukua midogo minane badala yake. Hesabu ya lita ilibaki ile ile.

Na si kila ndizi. Ya kupika, ile tunayoila kila siku na maharage, haikupi juisi ya maana hata ikiiva. Ukiikanda inakuwa uji. Ndizi za pombe zina ukakasi, ule unaokausha ulimi ukionja ikiwa mbichi, na ukakasi huo ndio unaoshika nyama ya ndizi ili juisi itengane na kutoka angavu. Watu wa maabara wameueleza vizuri kwa jina lake la kisayansi. Wakamuaji walikuwa wameshachagua migomba yao vizazi vingi kabla.

Shimo huchimbwa pembeni mwa shamba, hutandikwa majani makavu ya mgomba, huwashwa moto mpaka kuta zipate joto, kisha mikungu huingia na kufunikwa kwa majani mabichi na udongo. Pembeni huachwa tundu la kupulizia moshi. Joto na moshi huharakisha uivaji, na ndizi inayoanza kuiva hutoa hewa inayoziivisha za jirani, kwa hiyo shimo lililojaa huiva kwa pamoja kuliko shimo lililowekwa ndizi chache. Hapo pia kuna makadirio. Ngara ni ya milima, na usiku wa Juni na Julai, miezi ambayo watu wana hela ya kahawa na harusi zinafuatana, baridi huingia mpaka ardhini. Siku nne za Januari si siku nne za Julai. Kwa hiyo mzee hachimbi shimo lenye kina kile kile mwaka mzima, na wakati wa baridi hurudi usiku kuongeza moto. Nilimwona akipenyeza mkono chini ya majani, akautuliza humo, akautoa na kuunusa. Alichokuwa anakitafuta ni harufu kabla haijawa kali. Ndizi ikipitiliza hata kwa nusu siku, juisi inakataa kutengana na nyama, na lita 225 zinakuwa 150 bila mkungu hata mmoja kupungua.

Alhamisi asubuhi shimo likafunuliwa. Ndizi zikamenywa na vijana wa ukoo, wakatiwa moyo kwa kuachiwa wale wanazotaka, kwa sababu mzee anasema mmenyaji aliyeshiba haibi. (Hata hizo zilizoliwa zilikuwa kwenye hesabu yake. Mkungu mmoja, alinambia, ni wa wamenyaji. Hilo halimo kwenye kanuni yoyote ya waandaaji niliyopata kuisoma.) Zikamwagwa kwenye mtumbwi, gogo lililochongwa ndani, refu kuliko mtu, jeusi kwa miaka ya kazi, ambalo halioshwi kwa sabuni kwa kuwa mbao zake zenyewe zina chachu. Juu yake zikawekwa nyasi ngumu. Zamani kazi ilikuwa ya miguu. Siku hizi wengi hukanda kwa mikono, na wageni wa mjini hushukuru.

Nyasi ni za kukwaruza. Ukikanda ndizi peke yake unapata donge. Nyasi hukata, husugua, na ghafla, bila tone la maji kuongezwa, donge linalegea na kioevu chepesi cha rangi ya asali kinaanza kupenya kati ya vidole. Ghafla ni neno sahihi. Kwa robo saa huoni kitu, kisha unaona kila kitu. Mzee alisimama kichwani mwa mtumbwi akitazama muda tu: juisi imetoka baada ya kukanda kiasi gani? Ikitoka mapema, ndizi ni nzuri na makadirio ya shambani yamesimama. Ikichelewa, kuna upungufu, na ni bora kuujua Alhamisi kabla ya jua kali kuliko Jumamosi jioni.

Siku ile mtumbwi wa kwanza ulitoa pungufu kidogo ya alivyotaka. Hakusema neno. Akaagiza makapi yale yasitupwe, yaoshwe kwa sehemu ya maji yale 75 yaliyokuwa yaongezwe hata hivyo, yakandwe tena na kukamuliwa. Maji yakatoka na utamu uliokuwa umebaki kwenye nyasi. Kiasi kikarudi karibu na hesabu na nguvu haikupotea sana. Kijana mmoja akauliza kwa nini wasiongeze tu ndoo mbili za maji safi, nani atajua.

"Mdomo utajua," mzee akasema. "Halafu watakunywa zaidi."

Hapo ndipo nilipouona ufundi wake waziwazi. Maji huongeza ujazo bila kuongeza pombe. Mnywaji wa rubisi nyepesi hunywa mpaka afike pale alipozoea kufika, kwa hiyo ukizimua madumu 15 yakawa 17, hayo mawili yatajaza matumbo tu, na safari za kwenda nyuma ya migomba zitaongezeka, na bado saa tatu usiku utaishiwa. Tena utaishiwa ukiwa na jina baya. Ubora wa pombe nao ni sehemu ya makadirio. Lita mbili kwa mtu ni lita mbili za rubisi hii, iliyokamuliwa hivi, siku hii. Ukiibadilisha pombe umeibadilisha hesabu.

Mtama uliokaangwa kidogo na kusagwa nusunusu ukaingia, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba, ukalala. Mchana na usiku mmoja unatosha kukiwa na joto. Lakini mzee hakuchachusha yote pamoja. Mitumbwi miwili iliingia mtama Alhamisi jioni, wa tatu aliuacha mpaka Ijumaa mchana, ndizi zake zikiwa zimeingia shimo jingine siku moja baadaye. Rubisi ya Alhamisi itakuwa imekolea Jumamosi mchana wakwe wanapofika. Ya Ijumaa itakuwa bado tamu jioni, na ya utamu huo ndiyo inayopendwa na waliokuja kwa kuchelewa. Halafu ikifika Jumapili asubuhi itakuwa imekolea kwa wale waliolala pale pale na kwa majirani wanaokuja kuosha masufuria. Dumu la Jumapili haliguswi Jumamosi hata mkwe akililia. Lilifichwa kwa jirani, na aliyejua ni jirani na mzee.

Siku yenyewe kazi yake inaonekana ndogo. Anakaa karibu na madumu na kutazama watu, basi. Mwenye nyumba akaonja kwanza mbele ya wageni, kama ilivyo desturi, ili kila mtu aone hakuna kibaya ndani. Kisha vyombo vikaanza kutoka. Mzee ameshaamua idadi ya vikombe vya plastiki vitakavyozunguka, na ni vichache kuliko watu. Si uchoyo. Kikombe kinachopokezana kina mwendo wake; watu huongea wakati wanasubiri, na mtu anayeongea hunywa kwa utulivu. Ukimpa kila mtu kikombe chake cha nusu lita, lita 150 zinaondoka saa ya kwanza. Mimi binafsi ningependa vibuyu na mirija virudi kwa wote na si kwa wazee tu, maana mrija hauwezi kuharakishwa, lakini siku hizi watu wanaogopa mrija wa mwenzao na siwezi kuwalaumu.

Kwa meza kuu kulikuwa na bia za kreti na soda. Nilidhani zingepunguza hesabu ya rubisi. Mzee hakuzipunguzia hata dumu moja, na usiku nikaelewa: wenye bia wakimaliza bia huja kwenye rubisi, wenye rubisi hawaendi kwenye bia.

Nimeona shughuli zilizokadiriwa na wasiojua. Saa mbili usiku madumu yanagonga, mwenye nyumba anapotea jikoni, na mtu mwenye akili ya haraka anajitolea kwenda kutafuta cha kuongezea. Zamani alikuwa anarudi na viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, na kabla na baada ya hapo kuna gongo, ambayo ni kinyume cha sheria na hakuna mtu anayejua kipimo chake. Gongo ikimwagwa kwenye rubisi iliyobaki, watu waliokuwa wanaimba wanaanza kugombana, na kuna mahali watu wamepofuka au kufa kwa pombe za namna hiyo. Sisemi hivi kwa kutisha. Nasema upungufu wa madumu mawili, uliofanywa Jumapili na mtu aliyetaka kubana matumizi, unaweza kulipwa Jumamosi kwa njia ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Mzee mwenyewe hupenda kutania kuhusu harusi ya Kana. Kamati ile, anasema, haikuwa na fundi. Divai iliisha watu wakiwa bado kwenye viti, na msaada ulipokuja ulikuja mabalasi sita. Nimepiga hesabu ya mabalasi yale kwa vipimo vinavyotajwa na wafafanuzi wa Biblia, na yote pamoja yanazidi lita 400 kwa urahisi, tena kwa watu waliokwisha kunywa. Nilipomwambia hivyo mzee alicheka mpaka akashika fimbo. "Hiyo ya Bwana haichachi," akasema. "Yangu inachacha."

Jambo linalomsumbua zaidi ya wageni ni migomba. Tangu mnyauko ulipoingia mkoani kwetu Kagera katikati ya miaka ya 2000, migomba ya pombe ndiyo iliyoumia sana, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua, na kwa baadhi ya aina za pombe ua la kiume huacha makovu mabichi yanayoupokea. Dawa ni kukata lile tumba mapema kwa kijiti chenye panda, bila kisu, kwa kuwa kisu nacho hubeba ugonjwa. Wapo wanaofanya, wapo wanaosahau. Kwa hiyo siku hizi mzee akienda shambani kukagua mikungu humenya na kupasua ndizi moja moja: yenye mnyauko huiva kabla ya wakati na ndani ina madoa ya kahawia, na mkungu wake ni hasara. Zamani alikuwa anachagua mikungu 30 kati ya 60. Sasa wakati mwingine hutafuta 30 kwenye mashamba matatu, kwa udongo tofauti na ukomavu tofauti, na makadirio ya juisi yanakuwa magumu kwa namna ambayo babu yake hakuijua. Anayaweza. Lakini nimemwona akirudia hesabu njiani, midomo ikicheza.

Wiki iliyofuata harusi ile alikuja kijana kutoka kijiji cha jirani. Baba yake alikuwa amefariki, na ukoo ulitaka kumaliza matanga mwisho wa mwezi. Akaamkia, akapewa kigoda kile kile. Akasema wamepanga watu 100.

Mzee akampa pole, akamwuliza marehemu alikuwa anakunywa na nani. Kijana akataja wawili. Mzee akasema hapana, hao ni wa mwisho. Nitajie aliokunywa nao alipokuwa na nguvu. Kijana akafikiri, akaanza kutaja, na kila jina lililotoka lilileta mengine mawili: wa chama cha ushirika, wa kwaya, mmoja aliyehamia Biharamulo ambaye bila shaka angepata habari. Alipofika kumi na kitu mzee akamsimamisha kwa mkono.

"Na ndizi zenu," akauliza, "zimekomaa?"